Nilibebwa Kama Gunia la Makaa

Bwana ni mwema, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu! Na nyinyi majirani zetu Wakatoliki mliokaa karibu na mlango wa chumba chetu cha sala, itikieni tu, padri hatawauliza. Bwana wangu mimi ninamwita Krishna, na leo nitausema wema wake mbele yenu wote. Sitaweza kuongeza chumvi, maana aliyenibeba amekaa hapa mbele na ananitazama.

Mimi ni Kanta, wa duka la vitambaa. Nimezaliwa hapa hapa Butembo, baba yangu alikuwa ananunua maharage Luofu na Kayna kabla hajafungua duka. Kabla ya vita, ndugu zangu, nilikuwa mtu wa kumtafuta Mungu kwa jasho! Kila asubuhi nilioga maji ya baridi, nikawasha taa mbele ya sanamu ya Bwana, nikashika shanga zangu mia moja na nane na kulitaja jina lake shanga kwa shanga, mizunguko ishirini. Kila siku ya kumi na moja ya mwezi mwandamo sikuonja nafaka. Nilimpenda Mungu, ni kweli. Lakini nilipenda pia kujiona ninavyompenda.

Mume wangu Ramesh hakuwa hivyo. Yeye alisali mara moja, akafunga macho kidogo, akaenda dukani akipiga mluzi. Nikimgombeza ananijibu kwamba Mungu ni kama paka, anamshika mtoto wake shingoni na kumpeleka anakotaka, mtoto hafanyi kitu. Mimi nilikuwa nimefundishwa na bibi yangu kwamba sisi ni watoto wa tumbili: mama anaruka, mtoto asiposhika tumbo la mama anaanguka. Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu, nikiwa msichana, wakiiba mahindi ya watu kule Luofu, na watoto wameng'ang'ania. Basi miaka tisa ya ndoa tulibishana, paka na tumbili, tumbili na paka! Mama Masika, jirani yetu wa mtaa wa Bulengera, muuza makaa, alikuwa anatusikia kupitia ukuta na kucheka.

Halafu vita vikaja. Ramesh alikuwa amekwenda Beni kuleta vitambaa, safari ya siku mbili tu, na nyuma yake barabara ikafungwa. Huku waasi, kule waasi wengine, na kila siku watu wanafika na habari tofauti. Mmoja anasema magari yamechomwa. Mwingine anasema wafanyabiashara wamechukuliwa. Ndugu zangu, niliogopa!

Nikafanya nilichojua kufanya. Nilisimama mbele ya sanamu nikaweka nadhiri: maji tu, hakuna chakula, mpaka Ramesh arudi. Nikazidisha na mizunguko ya shanga, kutoka ishirini hadi hamsini. Na moyoni, leo nakiri mbele yenu, nilikuwa nafanya biashara. Nilikuwa namwambia Bwana, mimi natoa hiki, na wewe utoe Ramesh. Nikila hata punje moja, niliamini, Ramesh anakufa. Ninyi mnajua ni mzigo gani kulala na kuamka ukiamini kwamba uhai wa mume wako uko katika tumbo lako?

Siku ya nane sikuweza tena kusimama. Asubuhi ile risasi zilianza kulia upande wa soko, na Bulengera nzima ikatoka mbio, watu na magodoro, watu na mbuzi. Mimi nilikuwa nimekaa chini mbele ya taa, nahesabu. Mlango ukafunguliwa. Mama Masika! Alikuwa ametupa makaa yake njiani, amebaki na kamba tupu, ile kamba ambayo mama zetu wanaipitisha kwenye paji la uso na mzigo unakaa mgongoni. Akaniambia tuondoke. Nikamwambia miguu haipo. Hakubishana. Alitandika kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, chini yangu, akakifunga, akapitisha kamba, akainama, na mimi nikainuka kutoka sakafuni kama gunia la makaa!

Ndugu zangu, mke wa mwenye duka, mwenye sari ya hariri, mgongoni mwa muuza makaa, katikati ya watu wote! Watoto walikuwa wanakimbia wakinitazama. Na niseme na hili: kufunga kwangu kote, siku nane, faida yake ya kwanza niliiona siku ile. Nilikuwa mwepesi.

Tukavuka kijito, tukaanza kupanda kilima kwenda kwa dada yake Mama Masika. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ilikuwa utelezi mtupu. Mimi mgongoni nimelegea, mikono miwili iko kwenye shanga, nahesabu. Bado nahesabu! Kila nikiyumba, shingo ya mama yule inavutwa nyuma. Akateleza mara ya kwanza, goti likagusa tope. Akateleza mara ya pili, ikabaki kidogo tubingirike wote wawili hadi kwenye maji. Akasimama, akahema, na bila kugeuka, maana kamba haikumruhusu, akaniambia:

"Mama Kanta, acha izo shanga. Miye nakubeba, lakini na weye ushike."

Nilitumbukiza shanga kifuani, nikaikumbatia shingo yake kwa nguvu zote nilizobaki nazo. Zilikuwa chache, ndugu zangu! Lakini mzigo ukatulia, na mama akapanda.

Hapo ndipo nilipolia. Miaka yote ile nilidhani nimemshika Mungu, kumbe nilikuwa nimeshika hesabu yangu. Yeye alikuwa ananibeba tangu zamani, na mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine! Nililitaja jina lake kilima kizima, mdomo kwenye nywele za Mama Masika, bila kuhesabu hata mara moja, na lilikuwa tamu kuliko mizunguko yote hamsini.

Kwa dada yake nilipewa uji wa mahindi. Nikaukataa. Niliwaeleza nadhiri yangu, nikaeleza kwamba nikinywa Ramesh anakufa. Mama Masika alikuwa anaosha tope kwenye goti lililochubuka. Akaniuliza:

"Mungu wako anangojea weye ukufe kwanza, njo arudishe bwana yako?"

Nilishika kikombe cha uji. Nikasema, Bwana, ninakunywa. Ramesh ni wako tangu mwanzo, sina cha kumnunulia. Nikanywa. Na msifikiri furaha ilikuja pale pale! Siku nyingi kila kijiko kiliniogopesha. Niliamka na hofu, nikala na hofu, nikaenda shambani na dada yake Mama Masika kuchimba mihogo na hofu, nikisali kidogo, nikishika tu. Nguvu za miguu zikarudi.

Siku moja mchana, tukiwa tunamenya mihogo, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikateremka kilimani imejaa kabichi, na nyuma yake mwanaume mwembamba mwenye ndevu anavuta kamba ili isikimbie. Ramesh! Ramesh wangu! Nilitupa kisu nikakimbia kwa miguu yangu mwenyewe!

Katekista mmoja alikuwa amemficha nyumbani kwake Beni, kisha Ramesh akatembea siku nne kwa njia za porini kurudi Butembo, viatu vimeisha, akisaidia kusukuma kabichi za watu ili apate kula. Tulipokaa chini tukatazamana, tukaanza kucheka hadi machozi. Mtoto wa paka amekuja kwa miguu yake, vidole vyote malengelenge! Na mtoto wa tumbili amebebwa kama gunia!

Watu huniuliza kama alitoka Beni siku ile nilipokunywa uji. Sijui. Naye alikuwa amepoteza hesabu ya siku, na mimi sikumuuliza mara mbili.

Ndugu zangu, bado ninafunga. Bado nina shanga, ni hizi hapa, tope la kilima kile halijatoka katika uzi. Lakini sinunui kitu kwazo tena. Nashukuru! Namshukuru Bwana, namshukuru katekista yule wa Beni, namshukuru Mama Masika, ambaye anasali rozari yake na hajawahi kuniomba niache shanga zangu isipokuwa siku ile moja.

Wewe uliyechoka kujitahidi, na wewe unayekaa tu ukingoja, njooni wote wawili. Mtumainini Bwana. Haombi kwenu nguvu za kupanda kilima.

Leo asubuhi nilipitia kwa Mama Masika kumleta hapa. Magoti yake yamechoka sasa, hasa lile moja. Nikamshika kiunoni, tukaanza kupanda pole pole, naye alikuwa anatazama tu njia, mkono umening'inia. Nikamwambia, mama, na weye ushike. Akacheka njia nzima. Lakini alishika.