Asubuhi ya Kumpeleka Ognyan

Benchi la mlango wa pili wa jengo la ghorofa, pale Lom, mji wa Bulgaria kando ya mto Danubi, lina miguu mitatu ya chuma na mmoja wa matofali, na halikosi watu. Ukutani kuna mashine ya kahawa ya vikombe vya karatasi, chini kumetapakaa maganda ya mbegu za alizeti. Wenye kijiwe ni watatu: Jenerali, ambaye jeshini alikuwa mpishi, Daktari, ambaye kazi yake ilikuwa kuwashika ng'ombe wakidungwa sindano, na bibi Tsonka, anayeitwa Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Asubuhi hiyo aliongezeka Stamen wa ghorofa ya kwanza, mkono wa kushoto ukining'inia kwenye kitambaa shingoni. Alikuwa ameshuka kwa kuwa Ognyan, mwanawe, alikuwa amelala, na kwa kuwa mlangoni kwake kulikuwa na begi la kijana ambalo hakutaka kuliangalia.

— Kwa hiyo ndiyo leo, alisema Jenerali.

— Ndiyo leo. Mama mmoja wa kule kwenye nyumba ya kutunzia vijana kama Ognyan anakuja kutuchukua.

— Na Rositsa anasemaje?

— Mke wangu yuko Italia, Jenerali, anawaogesha wazee wa watu. Atasema nini? Analia kwenye simu.

Redio alitema ganda.

— Mimi simo, Stamen, lakini mtoto wa kumzaa mwenyewe...

— Mtoto gani, Redio? Ana miaka ishirini na minne, ananizidi kichwa kizima. Majirani wa juu walipoanza kutoboa ukuta kwa zile mashine zao, alichanganyikiwa, akanisukuma, nikashuka ngazi kwa mgongo. Hakutaka kuniumiza. Alilia kuliko mimi. Sasa nikivunjika shingo, nani atamshika?

Kijiwe hakijui kukaa kimya.

— Mradi wasimfunge tu, alisema Redio.

— Kumfunga vipi?

— Wewe hujui? Wanawafunga kwa mikanda! Kitandani, mikono na miguu. Shemeji yangu alikuwa anafua mashuka kwenye lile jumba la zamani la wagonjwa wa akili kule msituni. Aliona kwa macho yake.

— Jumba lile lilishafungwa, Redio. Hii ni nyumba ndogo, wako vijana sita tu.

— Jumba limefungwa, mikanda imekwenda wapi?

Daktari alikohoa kidaktari.

— Mikanda ya nini siku hizi? Ni sindano. Sindano ya farasi. Unamchoma asubuhi, analala hadi jioni, mwezi ukiisha hakumbuki hata jina lake.

— Acha hizo, bwana, alidakia Redio, wewe uliwahi kumdunga nani? Hata ng'ombe ulikuwa unashika mkia!

— Nilishika kichwa!

— Nyie wawili mnacheza, alisema Jenerali, akasogea hadi kikombe kikamwagikia gotini. Jiulizeni kwa nini nyumba iko karibu na mto. Mashua zinapita Danubi usiku bila taa. Kijana mzima, mwenye nguvu, asiyeweza kusema nani kamfanya nini. Figo, ndugu zangu! Wanauza figo!

— Ee Mama wa Mungu, alisema Redio, akafanya ishara ya msalaba. Na wakishamaliza, wanakurudishia mwingine anayefanana naye. Baba mtu hatambui.

Siku nyingine Stamen angecheka. Aliwahi kwenda kuiona ile nyumba. Aliona mapazia ya njano, kijana akimenya viazi, supu ikichemka. Lakini mgeni huonyeshwa kile wanachotaka akione, na hilo lilikuwa likimtafuna tangu siku ile.

Kigari cheupe kikasimama. Akashuka mwanamke mfupi, viatu vyake vina tope.

— Habari za asubuhi. Mimi ni Milkana. Namtafuta baba yake Ognyan.

Stamen aliinua mkono wake mzima. Juu ya vichwa vyao sauti nene ilisema, bila kupanda wala kushuka:

— Wanawafunga kwa mikanda. Wanawafunga kwa mikanda. Sindano ya farasi. Wanauza figo.

Ognyan alikuwa amesimama kwenye dirisha lililo wazi, vidole masikioni, akigonga paji la uso kwenye fremu. Kila neno, pigo moja. Akiogopa, maneno yake mwenyewe humkimbia, akabaki kurudia ya watu. Hakuna aliyejua alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi.

Milkana hakupaza sauti.

— Haya ameyatoa wapi?

Redio alitazama viatu vyake. Jenerali alifuta goti. Daktari alikikunja kikombe hadi kikawa donge.

— Basi nani atapanda kumwambia kuwa si kweli?

Hakuna aliyeinuka, maana hakuna aliyekuwa na hakika. Stamen naye hakuwa nayo. Lakini alipanda.

Hakumgusa. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mbali kidogo, akangoja. Mapigo ya kwenye fremu yakapungua, yakawa ya hapa na pale. Paji la uso lilikuwa limechubuka.

— Mikanda? aliuliza Ognyan, uso ukiwa bado dirishani.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Stamen aliumeza.

— Sijui, Ogi. Mimi pia naogopa. Twende wote tukaangalie.

Ilichukua muda mrefu. Waliposhuka, watatu wa benchi walisimama kama watu walio kwenye mazishi, na Redio akanyoosha mfuko wake wa mbegu. Ognyan alimpita.

Kule kwenye nyumba hakuvua koti. Aliingia chumba cha kwanza, akainua godoro, akatazama chini yake. Akainua la pili. Milkana aliwaomba wenye vyumba ruhusa, mmoja mmoja, kisha akashika upande wa pili wa kila godoro ili lisimwangukie. Kulikuwa na mlango mmoja uliofungwa kwa ufunguo.

— Hapa, alisema Ognyan.

Stamen alisogea mlangoni. Milkana alitafuta ufunguo, akakosea, akatafuta mwingine. Ndani kulikuwa na sabuni, ndoo, na mafagio.

— Kesho utaangalia tena, alisema Milkana. Na keshokutwa. Ukitaka, kila siku.

Ognyan alifikiri. Akavua koti, akaenda mezani, akakaa mbele ya sahani ya supu, mbali na wenzake.

Milkana alipogeuka kumwita baba, hakumwona. Alimkuta chumba cha mwisho, kwa mkono wake mmoja mzima, akiinua godoro.