Mama Mhuri na Bahasha Iliyopotea Njia

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka karani wa baraza letu la madiwani, aliyetutoka Jumapili, miezi minne tu baada ya kustaafu. Wengi mlimjua kama Mama Mhuri. Mhuri wa baraza aliubeba mkobani, pamoja na miwani na pipi za tangawizi, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Ukiniuliza mimi, hata mwenyekiti alimwogopa.

Mumewe, fundi cherehani, ananiambia: "Nyumbani kwetu hata kugombana kulikuwa na ajenda. Nikianza kufoka, ananiuliza, hilo ni la ngapi? Basi nasubiri zamu yangu, hasira zinaisha."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mama Mhuri alikosea mara moja. Asubuhi moja, miaka kumi na moja iliyopita, alikuwa na barua mbili mezani. Moja ilikuwa wito wa kikao, wa kwenda kwa diwani. Nyingine ilikuwa ya kwenda kwa mwalimu mkuu wa sekondari, kumwomba aazimishe viti. Akachanganya bahasha. Diwani akapata ombi la viti, akanuna wiki nzima. Shule ikapata wito wa kikao, wenye ajenda na mhuri.

Mwalimu mkuu hakuuliza. Nadhani kuitwa Mheshimiwa kulimpendeza. Akachagua wanafunzi wanne wa kidato cha tatu waiwakilishe shule. Ajenda ilikuwa moja: kivuko cha waenda kwa miguu kiwekwe wapi. Wale watoto wakabeba daftari, wakasimama barabarani siku tatu, wakahesabu watu wanavukia wapi.

Siku ya kikao wakaingia ukumbini, sare zimenyooka, wakakaa mstari wa mbele. Mwenyekiti akafoka: "Nani kawaita hawa?"

Mama Mhuri angesema amekosea, watoto wangetolewa na yeye angepona. Akinyamaza, kazi yake iko hatarini. Nilikuwepo, jamani. Nilimwona anavaa miwani taratibu.

"Mheshimiwa," akasema, "kanuni zetu zinasema mwenye wito wenye mhuri ana kiti. Hawa wanao wito. Mhuri huu hapa. Tuendelee."

Tukaendelea. Binti mmoja akasimama, akafungua daftari. "Waheshimiwa, mnataka kivuko kiwe mbele ya benki. Pale kwa siku tatu wamevuka watu kumi na tisa. Kwenye kona ya fundi baiskeli wamevuka mia sita na kitu. Na wengi ni sisi."

Diwani mmoja akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Kivuko kikawekwa kwenye kona ya fundi baiskeli, na kiko pale hadi leo.

Tangu hapo, kila kikao, shule ikapata wito. Mwezi uliopita binti wa Mama Mhuri, ambaye ni muuguzi, alimuuliza: "Mama, kweli ile bahasha ulikosea?" Akajibu bila kupepesa macho: "Ile ya kwanza nilikosea."

Juzi karani mpya alikuwa akiandaa salamu za rambirambi za baraza. Akapekua mafaili kutafuta azimio lililowapa wanafunzi viti. Hakuna. Miaka kumi na moja, hakuna azimio! Kijana huyu mwaminifu akasimama kikaoni, akalisema hilo. Bila azimio, wanafunzi hawana kiti. Wanne waliokuwepo wakaanza kukusanya daftari zao.

Yule yule mwenyekiti akagonga meza. "Nyie mnakwenda wapi? Kaeni. Siku ile nilitaka kuwatoa wenzenu, na nilikuwa naelekea kukosea mbele za watu. Yule mama aliniokoa. Karani, andika azimio."

Mikono yote ikapanda. Sasa ni rasmi, wasikilizaji. Narudia: wanafunzi wanne, kila kikao, viti vyao.

Mzee wetu fundi cherehani, pole sana. Dada muuguzi, pole. Mama yenu tulimpenda, na hapa studio tumemlilia huku tukicheka.

Na wewe uliye sebuleni na mtoto wa sekondari, mnapanga mambo ya nyumbani bila yeye: zima redio. Nakwambia mimi mtangazaji, zima. Muulize anaonaje. Halafu nyamaza umsikilize.