Sala ya Docus

Kwenye taksi ya Nateete, Lamunu, mke wa polisi, alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, Mkenya anayeuza mageti Katwe. "Binti yangu Docus aliomba Mungu atoe wadudu kwenye posho, ule ugali wa shule. Mbele ya wageni! Sasa kila sala inapita kwa mwalimu mkuu kwanza."

"Mama, sala haikaguliwi!" akafoka Mkenya, kwa sauti iliyofika mbinguni bila kibali.

"Kambini kwetu polisi, hata lalamiko la choo linapita kwa afisa. Mungu ni mkubwa kuliko afisa. Utamfikiaje moja kwa moja?"

Taksi ikasimama Lubaga. Kabla ya kushuka, Lamunu alimfungulia daftari la Docus lenye sala. "Hii ndiyo imepitishwa."

Wino mwekundu ulikuwa umekata yote, ukabakiza "Amina."