Povu la Hilaire

Miaka ile ya vita, mto ukiwa umefungwa, na bato, meli ya Kinshasa, imekuwa hadithi, Kisangani nzima ilipanda baiskeli. Kati ya vijana wote wa toleka, hizo teksi za baiskeli, waliobeba abiria mjini, mwenye miguu nilikuwa mimi, Guidon. Uliza mtu yeyote. Shule niliiacha mapema, niliona inanichelewesha. Abiria wakikosekana, niliegemeza baiskeli kwenye benchi la mama Wivine, kona ya kushukia bandarini, alipouza kahawa ya hukuhuku iliyokosa meli ya kuipeleka Ulaya, ikabidi tuinywe sisi. Leo natamani hata moshi wa jiko lile. Hapo ulimkuta papa Lukumani, tuliyemwita Ministre kwa sababu kila siku alivaa tai kwenda kwenye ofisi isiyo na mshahara wala karatasi. Ulimkuta na Lambert wa chuo kikuu, idara ya biolojia, Prof wetu, mwenye suruali yenye hewa kuliko kitambaa. Asubuhi moja Wivine hakutumiminia kitu. Aliweka mbele yetu chupa ya shampuu ya mume wake Hilaire, aliyeondoka na bato ya mwisho.

— Ni nani alishika shampuu ya bwana yangu?

Chupa ile siku zote ilikaa kwenye etajeri, rafu iliyokuwa nyuma yake, na hatukuthubutu hata kuitazama sana.

— Leo nimeweka kidogo mukononi, nikasugua. Povu hakuna. Mutu ameiba, akaweka mayi.

Alinitazama mimi.

— Mama, mimi? Nywele zangu zinang'aa zenyewe.

— Zinang'aa mafuta ya cheni, — akasema Ministre. — Bon, tufikiri kama serikali. Povu inatoka wapi? Kinshasa. Mto umefungwa. Donc povu imekatwa, sawa na mushahara yangu.

— Papa, povu haipandi bato, — nikasema.

— Wewe unajua nini? Uliacha shule.

— Najua ndege za uwanja wa Simi-Simi. Kila ikipaa inavuta povu ya mji mzima. Angalia bia ya siku hizi.

— Hapo umesema. Hata pale kwenye maporomoko ya Wagenia, mayi haichemki kwenye mitego ya samaki kama zamani.

Prof alikuwa ameinua chupa kwenye mwanga. Juu ya shampuu kulielea manyoya ya kijivu. Akacheka kama mtu aliyeona ndugu yake aliyepotea.

— Mama, mwizi iko humu ndani. Ni kuvu.

— Kuvu inaoga?

— Inakula. Kila kachembe ka hii sabuni kako na mukia na kichwa. Mukia inapenda mafuta, kichwa inapenda mayi, na hiyo kichwa ni sulfate, iko na salfa ndani. Vikishikana, unapata povu. Alors, kuvu ikikosa salfa, inatengeneza enzyme, tuseme kisu. Inakata kichwa, inabeba salfa yake. Mukia inabaki peke yake, na peke yake haitoi povu.

— Ni kama wale askari wa barrière njiani, — nikasema. — Wanachukua mzigo, wanakuachia baiskeli.

— Voilà. Guidon, ulikosea kuacha shule.

— Shule ndiyo ilikosea kuniacha.

— Mwaka muzima naitafuta kuvu ya namna hii kwenye labo ya chuo, bila umeme. Kumbe mama anaifuga hapa. Lakini shampuu iko na dawa ya kufukuza kuvu. Lazima mutu aliongeza mayi, dawa ikakosa nguvu.

Wivine alikuwa akipangusa kikombe kilichokwisha kukauka.

— Ni mimi, — akasema.

Hakuna aliyemcheka. Wakati ule nani hakuongeza maji? Kwenye maharage, kwenye maziwa ya mtoto, kwenye kahawa yenyewe.

— Noeli na Pasaka naosha nayo kichwa, kidogo tu. Kisha naongeza mayi mpaka pale Hilaire aliacha. Nilitaka akirudi aikute vile.

Ministre alilegeza tai. Mimi nilitazama pedali yangu.

— Mama, — Prof akasema polepole, — unipe hii chupa. Kazi yangu yote iko humu.

Wivine aliichukua, akaifumbata; Prof akabaki amenyoosha mkono. Katika vitu vya Hilaire, hiyo ndiyo iliyobaki.

Hapo akafika mama Katungu, mfanyabiashara kutoka Butembo, abiria niliyemwahidi kumpeleka sokoni. Alikuwa amesikia habari ya kuvu na ya Hilaire.

— Na harufu? — akauliza. — Kuvu imekula nayo?

Ministre akanitazama. Harufu ya kichwa cha Hilaire, nani kati yetu angeijua?

Wivine alifungua chupa, akaweka pua, akafumba macho. Toleka zikapita zikipiga kengele, na hakuzigeukia.

— Iko, — akasema.

Prof alirudisha mkono mfukoni. Lakini Wivine alimmiminia kifuniko kimoja kwenye glasi yake, pamoja na manyoya. Kisha akairudisha chupa kwenye etajeri, imepungua. Mkono wake ukaenda kwenye jagi la maji, kwa mazoea, ukaishia hapo, bila kuongeza.

— Kahawa imeisha. Muende kazini.

Birika la kahawa bado lilikuwa likitoa mvuke. Tukaondoka.