Bibi Tupokigwe na Moshi wa Wodi ya Wazazi

Walikuwa wameshageuza njia. Angel na mama mkwe wake, Tabita, walikuwa wanapanda kurudi Ibaba, na mimba ya Angel ilikuwa ya miezi tisa. Kanga zao zilimezwa na ukungu, zikatokea tena juu zaidi, kama zinaelea zenyewe bila watu ndani.

Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Bibi Tupokigwe, na tunaanza na asubuhi hiyo. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika hospitali ya serikali kule bondeni, Ileje. Miaka thelathini na moja. Narudia, miaka thelathini na moja. Alistaafu, lakini miguu yake haikustaafu. Kila siku ilimpeleka palepale.

Habari alizipata kwa Fanueli wa bodaboda, aliyekutana nao kilimani. Tabita alikuwa amemwambia kwamba hospitali imefungwa. Fanueli akabisha, akaambiwa aache kutafuta abiria kwa nguvu. Sasa walikuwa wameingia njia ya mkato, ambako pikipiki haipandi. Na simu ya Tabita ilikuwa imezima.

Walijuaje kwamba imefungwa? Hawakuona moshi.

Wasikilizaji, nyuma ya wodi ya zamani kulikuwa na banda la kupikia. Ndugu walikuja na unga, maharage na ndizi, wakampikia mzazi wao aliyelazwa hapo. Moshi ulianza alfajiri. Mtu wa milimani akifika kona ya juu aliutafuta kwanza huo. Akiuona moshi, basi hospitali ipo na wenzake wapo.

Kisha hospitali ikajengwa upya. Wodi ya wazazi ikapata vigae, maji ya bomba, na chumba cha upasuaji pembeni. Hakuna aliyelalamika. Ila kwenye mchoro banda halikuwemo. Jofrey, msimamizi wa ujenzi, alikuwa mtu wa mbali. Alidhani ni kibanda kilichoachwa na mafundi wa zamani, akalivunja.

Angel alikuwa mjukuu wa Bibi Tupokigwe, binti wa mwanawe Luka. Kliniki walikuwa wamesema mtoto amekaa vibaya, Angel asithubutu kuzalia nyumbani. Bibi alilijua hilo. Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari, na mwenye kukihitaji alikuwa anapotelea kwenye ukungu.

Bibi hakupiga kelele. Alipanga mafiga matatu pale banda lilipokuwa, akakusanya mabaki ya mbao za ujenzi, akawasha. Juu akarundika majani mabichi ya mikaratusi.

Jofrey akaja mbio. Akasema ukuta mpya unaingia masizi na wakaguzi wako njiani. Bibi hakuinua kichwa.

"Rangi utapaka tena, baba. Angel ninaye mmoja."

Akamweleza, kwa maneno machache, habari ya kona ya juu. Jofrey akauliza wanatazama kutoka upande gani. Kisha akaenda kuvunja matawi.

Ukungu ulikuwa unapasuka. Upepo haukuwepo. Moshi ulipanda taratibu, mweupe, ukasimama wima juu ya bonde. Baadaye Bibi alisema hajui alikaa pale muda gani. Alisikia ng'ombe wakilia mbali. Aliona mabati mapya yakimeremeta kama maji yanayotembea, akahisi kama na yeye anapanda, mwepesi, hana uzito wala umri. Macho hayakutoka kilimani.

Kanga ya kwanza ikatokea. Halafu ya pili.

Tabita alianza kusema akiwa bado mbali: "Kumbe mpo. Sasa mlichelewa nini kuwasha?"

Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Angel alipasuliwa mchana huohuo.

Wasikilizaji wapendwa, Bibi Tupokigwe alifariki mwezi uliopita, usingizini, nyumbani kwake Ibaba, alikorudi miguu ilipochoka. Luka alituambia hivi: "Mama hakupenda kusifiwa kwa ule moto. Alisema siku ile alijisahau, alikaa na moto wote ule bila kubandika hata uji."

Tunampa pole Luka, ukoo wote na majirani wa Ibaba. Nawe unayejengewa hospitali mpya, furahia vigae, ni haki yako. Kisha zunguka nyuma ya jengo. Waulize wanaotoka mbali nini kimeondolewa.

Mchoro ulirekebishwa na banda likajengwa, la matofali. Ukuta ulipakwa rangi upya. Jofrey yuko Nanyala, anasimamia ujenzi mwingine. Fanueli aliuza pikipiki, analima kahawa Mbozi. Tabita haoni vizuri siku hizi na hatoki sana. Angel anauza maharage Isongole. Mtoto ni wa kiume, anaitwa Ipyana, ana miaka minne. Bibi Tupokigwe amezikwa Ibaba, kando ya mumewe.