Nezihe, Anemoni za Buluu na Jirani Mvivu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Nezihe Karaduman wa mtaa wa juu, hapa kwetu Manisa. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na tisa. Alikuwa mpanda maua, anemoni. Zile mnazopiga picha kila mwezi wa tatu, halafu mnazinunua, halafu mnaziua. Ndiyo, nasema ninyi. Marehemu alinikataza kuwabembeleza.

Sitamvika kilemba cha ukoka. Nezihe alikuwa na dharau, na mara nyingi alikuwa na haki nayo. Aliwadharau wanaoloweka vijiazi vya kupandia siku tatu mpaka vinanuka. "Saa chache tu, kisha ardhini!" Aliwadharau wanaovipanda kichwa chini kisha wanamlaumu muuzaji. Kijiazi cha anemoni ni kikavu, kimejikunja kama mavi ya mbuzi. Hujui juu ni wapi? Kilaze ubavu, kina akili kukuzidi. Zaidi ya wote aliwadharau wanaomwagilia kiangazi. Anemoni ikishachanua, majani hukauka, kisha hulala. Ikilala inataka ukavu. Narudia, ukavu!

Zake zilikuwa buluu iliyokolea. Mama yake alimpa vijiazi vyake ndani ya leso siku ya harusi. Kwa miaka zaidi ya hamsini hakumgawia mtu hata kimoja. "Nivitoe vya mama vikafie kwenu?" aliwajibu majirani.

Aliyemdharau kuliko wote ni Saffet, kinyozi mstaafu, jirani wa ukuta mmoja. Kazi yake Saffet ni chai na usingizi. Nezihe hakuwahi hata kuchungulia kiwanja chake. Alisema macho yake yanajiheshimu. Mwaka mmoja alikuwa anachambua vijiazi, Saffet akawa anakoroma ng'ambo ya ukuta. Nezihe akachota konzi ya vile vidogo vilivyochubuka, akamrushia. "Amka, gogo wewe!" Saffet akageuka, akaendelea kulala.

Miaka mitatu iliyopita Nezihe alivunjika nyonga. Mwezi wa saba wote alikuwa hospitalini. Wifi yake, Müberra, akaona kitalu kimekauka, akakionea huruma. Ndoo mbili kila siku, wasikilizaji. Mwezi mzima.

"Nilijua nasaidia," Müberra ameniambia. "Wifi aliporudi hakunitukana. Alitia mkono kwenye udongo, akatoa uji mtupu, akakaa chini palepale. Hapo ndipo nilipoogopa."

Msimu wa maua ulipofika, mwezi wa tatu, halikuota hata jani. Zile za mama zilikuwa zimekwisha. Asubuhi moja zulia aliloanika Nezihe ukutani likaangukia kwa Saffet, ikabidi achungulie. Akaona buluu. Buluu kutoka ukutani mpaka kwenye miguu ya kiti cha Saffet. Ile konzi! Saffet hakupalilia, hakumwagilia, hakugusa kitu. Uvivu wake ndio uliozifaa.

Nezihe akashika ukuta kwa mikono miwili. Kisha akaita.

"Saffet."

"Leo umelijua jina langu, dada?"

"Hizo ni za mama yangu."

"Hizi? Hizi ni risasi ulizonipiga."

"Majani yakikauka tuzichimbue. Na... nakuomba."

"Sikusikia vizuri."

"Nimesema nakuomba, mzembe mkubwa wewe!"

"Sasa nimesikia. Ila mpaka zikauke, utaniamkia kila asubuhi. Kwa adabu."

Anemoni haichimbuliwi ikiwa mbichi, na Nezihe alilijua hilo kuliko yeyote. Kwa hiyo alisubiri. Miezi mitatu, kila asubuhi: "Umeamkaje, Bwana Saffet?" kwa sauti ya mtu anayemeza siki. Mtaa mzima ulikuwa unatoka na glasi za chai kusikiliza. Hata kwenye harusi hatujawahi kucheka hivyo.

Mwezi wa sita wakachimba pamoja. Saffet akampa vyote kwenye wavu wa vitunguu. Nezihe akavigawa, nusu akamrudishia. "Shika. Usivifanyie chochote. Hilo unaliweza." Mtu wa kwanza kugawiwa vya mama na Nezihe, wasikilizaji, alikuwa Saffet.

Makubaliano yakawa yamekwisha. Asubuhi iliyofuata Saffet alikunywa chai yake bila kutazamia kitu. Sauti ikatoka juu ya ukuta: "Umeamkaje, gogo?" Ikatoka kesho yake, na kila asubuhi kwa miaka miwili.

Rambirambi zetu kwa Müberra na ukoo wote wa Karaduman. Mungu amrehemu marehemu. Mnaokwenda kaburini, nendeni mikono mitupu, ndoo ziacheni nyumbani: amelala, anataka ukavu. Na kila mmoja ajiulize leo: yule ninayemdharau ng'ambo ya ukuta, nimewahi kumtazama?

Rambirambi za mwisho ni zako, Saffet, ingawa si ndugu. Jana nilikwenda kumhoji.

"Jumanne nilingoja," alisema. "Chai ikapoa. Nikavaa viatu, nikaenda mimi kumwamkia."