Ma Verdiana na Karoti za Bibi Harusi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Ma Verdiana Kokuhirwa atavua mabuti yake kwa mara ya mwisho na kuyaacha mlangoni mwa banda. Atakuwa ametumikia Makao ya Farasi ya Rweya kwa miaka kumi na minane, tangu enzi ambazo hapa hapakuwa na kitu ila upepo, nyasi, na farasi wawili waliokonda mpaka ungeweza kuhesabu mbavu zao ukiwa barabarani. Uongozi umeniomba niandike wasifu wake. Nadhani wamenichagua kwa sababu kila mtu hapa anajua kuwa Clavery, fundi wa uzio, ni mmbea. Sikatai. Mtu anayeshinda kwenye nguzo na koleo mkononi huona mengi, na mambo ya Ma Verdiana nimeyachungulia kwa muda mrefu.

Ni mzaliwa wa Kagondo, Bukoba, aliyeolewa Kibeta kwa Ta Byarugaba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa kisicho na jani moja lililolala pasipotakiwa. Alianza kazi kama mpishi katika hoteli moja kando ya ziwa. Wenye hoteli walileta farasi wawili ili wageni wapande ufukweni. Wageni hawakutosha, hoteli ikafungwa, wenyewe wakaondoka, na farasi wakabaki wamefungwa kwenye nguzo ya geti. Wafanyakazi wengine waliondoka na masufuria, maana mishahara ilikuwa haijulikani. Ma Verdiana aliondoka na farasi. Aliwaswaga kwa fito kama mbuzi, huku watu wa mtaa wa Bakoba wakitoka madukani kushangaa. Walioanzisha Makao haya kwenye rweya, yaani mbuga yetu ya nyasi upande wa Muleba, walimkuta tayari anawalisha, wakaona hakuna haja ya kutafuta mtu mwingine.

Hakuwa akijua lolote kuhusu farasi, na hakuna aliyekuwa akijua. Alichojua ni mgeni anavyopokewa. Jioni ya kwanza banda lilipokamilika, alikata nyasi laini akazitandaza chini kwa ustadi, kuanzia mlangoni hadi ukutani, kama nyumba ya Mhaya inavyotandikwa mgeni wa heshima akitarajiwa. Asubuhi alikuta sakafu tupu. Wageni walikuwa wamekula zulia lote. Alinuna mpaka saa nne, kisha akacheka peke yake, akachukua mundu akaenda kukata nyasi nyingine. Mpaka leo hutandika kwanza ndipo alishe, na ukimuuliza kwa nini anahangaika hivyo, anakujibu kuwa kuliwa kwa mkeka si sababu ya kumlaza mgeni chini.

Miaka ile watu walikuja kutoka Muleba yote kutazama. Wapo waliouliza kama farasi hukamuliwa, wapo waliouliza kama nyama yake inafaa, na hao wa nyama Ma Verdiana aliwasindikiza mpaka getini kwa upole wenye makali. Ninayemkumbuka zaidi ni mwinjilisti mmoja mzee, Kaijage, wa Kilutheri. Alikuwa amehubiri habari za farasi wa Farao maisha yake yote bila kumwona farasi hata mmoja. Aliomba aruhusiwe kumnusa tu. Ma Verdiana, Mkatoliki wa kufunga na kusali, alimshika mkono akampeleka. Mzee alinusa shingo ya farasi kwa muda mrefu, akasema kumbe wananukia nyasi. Aliondoka ameridhika kabisa, na Jumapili iliyofuata kanisa zima lilihubiriwa harufu hiyo.

Baada ya farasi wale wawili wa hoteli walikuja wengine: farasi wa shamba lililouzwa Karagwe, punda wa Ngara waliochubuliwa migongo na magunia, na mmoja kipofu ambaye Ma Verdiana alimfundisha njia ya kwenda kwenye maji kwa kumtangulia akigonga ndoo. Amewauguza kwato, amewafukuzia nzi, amewazika waliozeeka. Lawama moja tu ndiyo iliyokuwa ikimfuata. Hellen, mtunza stoo wetu, alikuwa akimtania kila wiki kwamba anakula karoti za farasi. Kweli alikuwa akila. Mimi mwenyewe nilimwona kutoka kwenye uzio, si mara moja wala mbili, akimega karoti, akitafuna, akilamba hata pumba. Tulimwita mke mwenza wa farasi. Alikuwa akicheka tu na kuendelea kutafuna.

Sasa nije kwa Bibi Harusi. Huyu ni farasi jike mweupe aliyetoka Mwanza, ambako alikuwa akikodishwa kubeba maharusi. Alipofika alikuwa na vidonda mgongoni na hofu isiyo ya kawaida ya chakula. Aliyemleta alitueleza sababu: wenyewe walikuwa wakimtilia dawa ya kumlegeza kwenye pumba ili asiruke ngoma na vigelegele vikianza. Kwa hiyo alikuwa akiinusa hori yetu na kurudi nyuma. Daktari wa mifugo alikuwa ameanza kukata tamaa pale Ma Verdiana alipoingia na karoti zake, na Bibi Harusi akala. Tulishangilia, tukaenda zetu kunywa chai. Hakuna aliyeuliza amefanyaje, hata mimi mmbea, na jambo hilo linaniuma.

Mwaka jana alikwenda likizo Kamachumu kumwoza mpwa wake. Bibi Harusi akagoma kula. Tulibadilisha nyasi, tukabadilisha ndoo, hola. Ilibidi apigiwe simu, na alirudi akiwa bado na kitenge cha sare ya harusi. Farasi alikula kutoka mkononi mwake kana kwamba hakuna kilichotokea. Tuliona aibu, lakini zaidi tuliogopa, kwa sababu tulijua mwaka wa kustaafu unakuja.

Ukaja kweli. Na nyumbani Kibeta, Ta Byarugaba macho yake yakawa yamefifia kiasi cha kutomwona mtu aliye mlangoni. Ma Verdiana hulala hapa kazini juma zima na kurudi kwake Jumamosi, kwa hiyo mzee amekuwa akijipikia kwa kupapasa. Mwezi Aprili Ma Verdiana aliingia ofisini kwa meneja akasimama katikati ya chumba, akakataa kiti.

"Nikienda, huyu atakufa njaa. Nikibaki, Byarugaba ataungua jikoni. Niambieni nimwache nani."

Meneja aliajiri mtu, Derick, kijana kutoka Singida aliyekulia kati ya punda na mwenye mkono mtulivu kuliko wetu sote. Derick alijaribu kila kitu. Alivaa aproni ya Ma Verdiana, akamwigiza mwendo, akajifunza salamu za Kihaya, pamoja na lile "waitu" letu la heshima, na kumwamkia farasi kila asubuhi kwa lafudhi iliyotuua mbavu. Bibi Harusi alikubali kupigwa brashi na kushikwa kwato. Kula, hapana. Derick akaanza kukonda naye.

Mei, Jumapili moja, nilikwenda Kibeta kumfungia Ta Byarugaba kamba ya kushika kutoka mlango wa nyumba hadi jikoni. Nilipomaliza, mzee alimimina lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa kusikiliza mlio wa kibuyu, akanywa funda lake mbele yangu, kisha akanipa. Ma Verdiana akaleta ndizi za kuchoma, akaivunja moja, akala ncha, akaniwekea iliyobaki kiganjani. Nilishatafuna nusu ndipo mkono wangu ukasimama hewani. Mimi ni Mhaya, desturi hii nimekua nayo: mwenyeji huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna baya ndani. Nimeizoea mpaka siioni tena. Na kumbe farasi wa Mwanza aliiona siku ya kwanza.

Nilimuuliza kama zile karoti alikuwa akizila kwa sababu hiyo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Kwani ninyi mnampaje mgeni kitu ambacho hamjakionja?"

Kumbe naye hakuwa akijua kwamba hiyo ndiyo siri. Alidhani kila mtu anafanya hivyo.

Jumatatu asubuhi tulijificha nyuma ya marobota ya nyasi: meneja, Hellen, mimi na Ma Verdiana. Derick aliingia na ndoo. Alisimama mbele ya Bibi Harusi, akamega karoti, akatafuna taratibu. Farasi hakuangalia karoti, alimwangalia Derick taya. Derick akala na kiganja kizima cha pumba, maskini, macho yakimtoka, akameza. Kisha akanyoosha mkono. Bibi Harusi alisubiri kidogo, halafu akashusha kichwa, na tukasikia karoti inavunjika.

Ma Verdiana alikaa juu ya ndoo akalia. Alisema wazi kwamba nusu ya machozi ni furaha na nusu ni wivu, maana farasi hakugeuka hata kumtafuta. Kisha akapangusa uso na kusema sasa anaweza kwenda nyumbani. Tangu siku hiyo Derick ndiye analisha, na yeye ndiye anayetaniwa na Hellen.

Ma Verdiana, kwa niaba ya wenye miguu miwili na wenye miguu minne, ahsante. Umetupokelea wageni ambao hakuna aliyewataka, ukawatandikia, ukatuonesha kazi hii inavyofanywa bila kutuhubiria. Shika ile kamba pamoja na Ta Byarugaba, mpike pamoja, kahawa izae, magoti yapoe, na miaka iliyo mbele yako iwe mingi na mitamu.

Siku ya sherehe Hellen ndiye atakayekuletea sahani. Ukiona ndizi zimemegwa pembeni, usiseme tumeanza kula kabla yako. Tumeonja, waitu. Hakuna baya ndani. Kula.